Siku Tano Maine: Katika Nyayo za Gavana Asiye na Chama

Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Boston hadi Portland

Treni ya Downeaster iliondoka Boston, kituo cha North Station, ikiwa na abiria wachache, wengi wao wazee waliokuja kutazama majani ya vuli. Mimi sikuja kwa ajili ya majani, ingawa nakiri kwamba baada ya kuvuka mpaka wa Maine nilikiacha kitabu mapajani na kutazama dirishani mpaka tulipokikata kinamasi cha Scarborough, ambako maji ya bahari huingia kati ya nyasi za rangi ya dhahabu, na dakika chache baadaye tukafika Portland.

Kilichonileta ni swali la mwanafunzi. Nimefundisha somo la Uraia katika shule za sekondari za Morogoro kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kila tulipofika mada ya uchaguzi nilieleza kwamba Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho. Nilieleza pia juu ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyeidai haki ya mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya tisini, na juu ya hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyotolewa Arusha tarehe 14 Juni 2013, ambayo ilimpa ushindi. Mtikila alifariki mwaka 2015, na mpaka leo kifungu hicho cha Katiba hakijabadilishwa. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyo asiye na chama akishinda, atatawala na nani?" Nilimjibu kwa maneno mengi, na yeye mwenyewe aliona kwamba sikumjibu.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kulikabili swali hilo kwa vitendo. Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana wa Meru mwaka 2022 akiwa mgombea huru, na tangu hapo madiwani wa kaunti yake wamepiga kura ya kumng'oa mara kadhaa, hadi Seneti ikaridhia Agosti mwaka huu. Ningetaka kuona upande wa pili, yaani mahali ambapo gavana asiye na chama alimaliza muhula wake wa kwanza, akatetea kiti chake mbele ya wapiga kura walewale, na akarudi. Mahali hapo ni jimbo la Maine huko Marekani, mwaka ni 1998, na gavana mwenyewe ni Angus King. Mpwa wangu anayeishi Boston alicheka aliposikia kwamba mjomba wake ametoka Morogoro ili kuufuatilia uchaguzi wa miaka ishirini na sita iliyopita, lakini tiketi alinikatia.

Jumanne, 8 Oktoba. Portland

Siku nzima nimeshinda katika maktaba ya umma iliyopo Monument Square, na mhudumu wa chumba cha historia amenivumilia sana. Daftari langu limejaa tarakimu, nami naziandika hapa kwa mpangilio wa miaka kwa sababu zenyewe zinasimulia hadithi.

Mwaka 1974 wananchi wa Maine walimchagua James Longley, mfanyabiashara wa bima kutoka mji wa Lewiston, kuwa gavana wao wa kwanza wa zama hizi asiye na chama. Alipata asilimia 40 hivi ya kura, akamshinda mgombea wa chama cha Democratic, George Mitchell, yuleyule ambaye baadaye aliongoza walio wengi katika Seneti ya Marekani na kusimamia mazungumzo ya amani ya Ireland ya Kaskazini. Longley aliahidi muhula mmoja tu, na mwaka 1979 aliondoka kama alivyoahidi, kwa hiyo hakuna aliyejua kama mtu wa namna yake angeweza kurudishwa.

Jaribio lililofuata lilitokana na hasira. Katika kiangazi cha mwaka 1991 gavana wa chama cha Republican na bunge lililokuwa mikononi mwa Democratic walishindwa kukubaliana juu ya bajeti na fidia za wafanyakazi, hata ofisi za serikali ya jimbo zikafungwa. Wananchi hawakusahau. Ilipofika 1994 akajitokeza Angus King, wakili mzaliwa wa Virginia aliyekuja Maine kuwapa maskini msaada wa kisheria katika mji mdogo wa Skowhegan, kisha akafanya kazi katika ofisi ya seneta wa Democratic, akaendesha kipindi cha siasa katika televisheni ya umma kwa miaka mingi, na mwishowe akapata fedha katika biashara ya kubana matumizi ya nishati. Watu wengi walikuwa wamekaa naye sebuleni kwa njia ya televisheni kabla hajawaomba kura.

Alishinda, ila kwa shida. King alipata asilimia 35, Joseph Brennan wa Democratic, aliyewahi kuwa gavana kwa mihula miwili, akapata 34, na Susan Collins wa Republican akapata 23. (Collins alichaguliwa kuwa seneta miaka miwili baadaye, na sasa yeye na King ndio maseneta wawili wa jimbo hili huko Washington.) Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili haikufika kura 8,000. Kwa hesabu hizo, karibu watu wawili katika kila watatu walikuwa wamemtaka mtu mwingine, na mwenye kusema kwamba King alibahatika kwa sababu wenzake waligawana kura asingekuwa amekosea.

Sasa tazama 1998. King alipata asilimia 58.6. James Longley mdogo wa Republican alipata karibu 19, Thomas Connolly wa Democratic alipata 12, na Pat LaMarche wa chama cha Kijani akapata karibu 7. Vyama viwili vikubwa vya Marekani vilipojumlishwa pamoja havikufikisha theluthi moja ya kura. Kushangaza kwa namba hizo kunaonekana zaidi ukizipanga pamoja na chaguzi nyingine za ugavana wa Maine: tangu ule wa 1986 mpaka ule wa 2014, hakuna mgombea mwingine yeyote aliyevuka nusu ya kura. Chaguzi nane, washindi wa vyama vyote viwili, na aliyevuka nusu ni yule asiye na chama peke yake, tena alipokuwa akitetea kiti.

Nilipotaja jina la Connolly, mhudumu wa maktaba alitabasamu akanikumbusha kwamba ndiye wakili wa Portland aliyesaidia kufichua, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka 2000, kwamba George W. Bush alikamatwa Maine mwaka 1976 kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Kwa hiyo aliyepata asilimia 12 nyumbani alikaribia kuupindua uchaguzi wa nchi nzima.

Jumatano, 9 Oktoba. Brunswick na Bath

Chini ya saa moja kwa treni kutoka Portland, na reli inaishia hapa Brunswick. King anaishi katika mji huu, ila sikumtafuta, kwa sababu mtu wa miaka themanini anayegombea tena useneta mwezi ujao ana kazi nyingi kuliko kumpokea mwalimu mstaafu. Nilikuja kwa ajili ya gavana mwingine, wa zamani zaidi.

Nyumba ya Joshua Chamberlain iko ng'ambo ya barabara kutoka Chuo cha Bowdoin, na sanamu yake imesimama karibu hapo. Wengi humjua kwa mapigano ya Gettysburg, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, lakini mimi nilitaka habari za Januari 1880. Wakati huo Katiba ya Maine ilimtaka gavana apate zaidi ya nusu ya kura, na asipopatikana wa namna hiyo, uamuzi ulihamia bungeni. Katika uchaguzi wa 1879 hakupatikana mwenye nusu, pande zikashutumiana kwa wizi wa kura, watu wenye silaha wakaingia Augusta, mji mkuu wa jimbo, na Chamberlain, akiwa mkuu wa wanamgambo wa jimbo, akakaa huko siku kumi na mbili akilinda jengo la serikali mpaka mahakama ilipotoa uamuzi. Mwaka huohuo Katiba ilirekebishwa, na tangu hapo anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye gavana, hata zikiwa chache kiasi gani.

Bila rekebisho hilo King asingekuwa na kiti cha kutetea mwaka 1998, kwa maana asilimia 35 zake za 1994 zingepelekwa bungeni, na bungeni hakuwa na mbunge hata mmoja wa kwake. Mlango huohuo ulimwingiza pia Paul LePage wa Republican mwaka 2010 kwa asilimia 38 hivi, akimpita kidogo Eliot Cutler ambaye naye hakuwa na chama. Uchungu wa mwaka ule ulichangia wananchi kupitisha, mwaka 2016, utaratibu wa kupanga wagombea kwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mahakama Kuu ya jimbo ikasema mwaka 2017 kwamba kwa uchaguzi mkuu wa gavana utaratibu huo unapingana na maneno ya Katiba yaliyoachwa na 1880. Basi leo mwananchi wa Maine humpanga seneta na rais kwa nafasi, lakini gavana humpigia alama moja tu.

Bath nilipita kwa haraka, mvua ikinyesha. Winchi za kiwanda cha meli za kivita zinaonekana kabla ya kuuona mji. Katika muhula wake wa kwanza King aliunga mkono nafuu ya kodi ya dola milioni 60 ili kiwanda kijijenge upya. Wapo waliomlaumu kwa kumpa tajiri fedha za umma, na wapo ambao watoto wao wana kazi hapo mpaka leo.

Jioni mwenyeji wangu alikuja kunichukua kwa gari. Ni mzee kutoka Bukavu, rafiki wa watu wa kanisani kwa mpwa wangu, na anaishi Lewiston pamoja na mkewe. Mama alitupakulia bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilikula nikashiba.

Alhamisi, 10 Oktoba. Augusta

Siku hii ndiyo niliyoisafiria.

Jengo la serikali limejengwa kwa mawe ya matale kutoka Hallowell, mji wa jirani, na lilikamilika mwaka 1832. Ukisimama mbele yake unaiona bustani ikishuka kuelekea mto Kennebec. Ndani kulikuwa kimya kwa kuwa bunge halikuwa na kikao, na mlinzi akaturuhusu kuzunguka. Mzee, ambaye amekaa jimbo hili miaka mingi bila kuingia humo, alivua kofia kama aingiaye kanisani.

Hapo niliketi kwenye benchi na kujaribu kumjibu yule msichana wa kidato cha pili. Atatawala na nani? Bunge la Maine lina wawakilishi 151 na maseneta 35, na wakati wa King karibu wote walikuwa wa Democratic au Republican. Zaidi ya hayo, katika jimbo hili gavana ndiye mtendaji pekee anayechaguliwa na jimbo zima. Mwanasheria mkuu, mweka hazina na katibu wa jimbo huchaguliwa na bunge. Kwa hiyo hata wakili wa serikali hakuwa mtu wake. Alikuwa na kalamu ya kura ya turufu, alikuwa na haki ya kupendekeza bajeti, na alikuwa na ulimi uliozoezwa na televisheni. Kila mswada ulimlazimu kuanza upya kutafuta marafiki. Hata hivyo kuna upande mwingine wa jambo hilo: hakuna chama kilichofaidika kwa kumwangusha, kwa kuwa kila kimoja kilimhitaji dhidi ya kingine.

Lakini hilo linaeleza jinsi alivyotawala, halielezi jinsi alivyorudi. Na hapa kuna jambo lililonisumbua tangu maktabani. Mwaka 1996, wanaharakati walipotaka kura ya maoni ipige marufuku ukataji wa misitu kwa kufyeka, King alileta pendekezo lake la katikati; lilipata kura nyingi kuliko mengine lakini halikufika nusu, na liliporudishwa peke yake mwaka 1997, wananchi wakalikataa. Mwaka huohuo alitia saini sheria ya kuzuia ubaguzi dhidi ya mashoga na wasagaji. Mwezi Februari 1998 wananchi wakaifuta kwa kura. Yaani katika miezi kumi na miwili kabla ya uchaguzi, wapiga kura walimkatalia hadharani mara mbili, kisha Novemba wakampa asilimia 58.6.

Nilimweleza mzee fumbo hilo, nikidhani atashangaa pamoja nami. Hakushangaa. "Mwalimu," akasema, "hapa unaweza kukatala kitu ya mutu, na ule mutu unamuacha pa kiti yake."

Nimelitafakari jibu hilo njia nzima. Kwetu kukataa hoja ya kiongozi ni kumkataa kiongozi, kwa sababu hoja ni ya chama na yeye ni wa chama, na ukivuta uzi mmoja nguo yote inafumuka. Mtu asiye na chama anaweza kushindwa katika jambo moja bila jeshi zima kushindwa pamoja naye. Lakini sitaki kuitia chumvi hoja hii, maana uchumi wa Marekani wa mwishoni mwa miaka ya tisini ulikuwa mzuri, hazina ya jimbo ilijaa, na gavana yeyote mwenye akili angependwa. Na kuna tufani ya barafu ya Januari 1998, mvua iliyoganda juu ya nyaya na matawi kwa siku kadhaa hata zaidi ya nusu ya wakazi wa Maine wakabaki bila umeme katikati ya baridi, wengine kwa majuma mawili na zaidi. Jirani wa mzee, bibi mwenye asili ya Kifaransa wa Kanada aliyefanya kazi katika viwanda vya nguo, alituambia jana usiku kwamba mwaka ule walilala familia tatu katika nyumba moja yenye jiko la kuni, wakimsikiliza gavana kwenye redio ya betri. Nilipomuuliza kwa nini alimpigia kura, hakutaja sera yoyote. Alisema alikuwa amekwisha kuizoea sauti yake.

Tulishuka hadi ukingoni mwa Kennebec. Bwawa la Edwards lililouziba mto tangu 1837 lilibomolewa hapa Julai 1999, katika mwaka wa kwanza wa muhula wa pili, na samaki wakapanda tena. Muhula huo ndio ulioleta pia, mwaka 2002, kompyuta ndogo kwa kila mwanafunzi wa darasa la saba katika shule za umma, mpango ambao wabunge na wananchi wengi waliubeza ulipotangazwa mara ya kwanza. Kama mwalimu nilisimama hapo nikiwaza darasa langu la wanafunzi themanini na kitabu kimoja kwa kila watano.

Ijumaa, 11 Oktoba. Lewiston

Asubuhi tumetembea mjini. Viwanda vya matofali mekundu vimejipanga kando ya mfereji, na katika barabara ya Lisbon maduka ya Wasomali yanauza sambusa na vitenge. Nimesalimiwa "shikamoo" na kijana aliyezaliwa Dadaab, nami nikajikuta naitikia kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Huu ndio mji wa akina Longley. Baba alikuwa gavana asiye na chama. Mwanawe, ambaye kati ya 1995 na 1997 alikuwa mbunge wa Republican huko Washington, ndiye aliyesimamishwa na chama hicho mwaka 1998 kumzuia gavana mwingine asiye na chama asirudi. Nadhani viongozi wa chama walitumaini kwamba jina lingewavuta wale waliompenda baba. Jina lilimletea karibu asilimia 19, pungufu ya nusu ya zile ambazo baba alizipata kwa jina hilohilo bila chama. Ukiniuliza mimi, kilichokosekana ni kile ambacho baba alikuwa nacho na mwana alikiacha mlangoni alipojiunga.

Sitaki kuondoka na picha kwamba njia hii ni rahisi. Lincoln Chafee alichaguliwa gavana wa Rhode Island bila chama mwaka 2010, akajiunga na Democratic mwaka 2013, na mwishowe hakugombea tena. Bill Walker wa Alaska alichaguliwa mwaka 2014 akiwa na mgombea mwenza wa Democratic, bei ya mafuta ikaporomoka, akakata karibu nusu ya gawio ambalo kila mkazi hulipwa na mfuko wa mafuta, na Oktoba 2018, siku tatu baada ya makamu wake kujiuzulu kwa kashfa, akajitoa katika mbio za kutetea kiti, huku karatasi za kura zenye jina lake zikiwa zimekwisha kuchapwa. Walker alipolaumiwa kwa gawio hakukuwa na chama cha kumkinga, na kwa upande wa lawama hilo ndilo jibu la swali la msichana wangu. Nikirudi Morogoro nitamtafuta, kama bado yupo mjini, nimpe majibu yote mawili.

Mchana mzee aliomba tupitie ofisi za manispaa, kwa kuwa upigaji kura wa mapema umeanza na alitaka kumaliza kabla ya foleni za Novemba. Nje ya jengo alinionyesha mfano wa karatasi ya kura aliokuwa ameukunja mfukoni. Kwa useneta kuna majina manne, na King ni mmoja wao; chini ya jina lake, mahali ambapo wagombea wa vyama wameandikiwa chama, kuna neno moja tu la kusema kwamba anajitegemea. Mzee alipitisha kidole kwenye visanduku vya nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, akinieleza jinsi ya kuvijaza, polepole, kama alivyoelezwa yeye siku ya kwanza.

Alikaa ndani robo saa. Alipotoka alikuwa na stika ya kupiga kura kwenye koti na uso mtulivu. Tulitembea hadi kwenye gari tukizungumza juu ya basi langu la saa kumi na juu ya sombe ambayo mama alikuwa amenifungia. Hakuniambia alimweka nani nafasi ya kwanza, nami sikumuuliza.